Durham: Mapenzi Yako Nyuma ya Pakiti

Ukifika Durham, jimbo la North Carolina, wenyeji watakupeleka sehemu mbili: kutembea kando ya Mto Eno, halafu kula nyama ya nguruwe iliyochomwa taratibu na kunyunyiziwa siki. Mimi mwenyeji wangu alinipeleka supamaketi. Tulikaa saa nzima, tukatoka na mfuko mmoja!

Rafiki yangu huyu tulisoma naye chuo. Mumewe ni Mchaga wa Marangu, mtu wa ndafu na mtori. Miaka miwili iliyopita aling'atwa na kupe, yule ambaye jike lake lina doa jeupe mgongoni, anayepatikana sana upande huu wa Marekani. Tangu hapo, akila ng'ombe, mbuzi au nguruwe, usiku anaamka mwili umevimba, pumzi inakata. Ni mzio wa sukari iitwayo alfa-gali, iliyomo kwenye miili ya wanyama wengi wanaonyonyesha. Kuku na samaki hawana. Balaa lake haukushiki mezani. Unangoja saa mbili hadi sita, kwa hiyo wengi hawajui kilichowadhuru. Mwaka 2023 taasisi ya serikali ya kudhibiti magonjwa ilikadiria kuwa hadi watu 450,000 nchini humo huenda wamepatwa tangu 2010.

"Kuacha nyama si kazi, shoga. Kazi ni hivi vinavyojificha," aliniambia akigeuza kopo la maharage. Ndani mna mafuta ya nguruwe. Peremende laini: gelatini ya ngozi na mifupa. Soseji za kuku: ganda la nje ni utumbo wa nguruwe. Hata vidonge vingine vya dawa vimevikwa gelatini. Sheria inalazimisha kutaja wazi vyakula tisa vya mzio, maziwa na karanga vikiwemo, nyama haimo. Ukikuta "ladha za asili", hujui zimetoka kwa nani.

Mimi Mtanga nikajidai: "Si mnunue vya halali tu?" Akacheka. Halali inamwondoa nguruwe, ng'ombe anabaki.

Kisha akanyamaza. Mwanzoni alimwona mumewe anadeka. Siku moja akapika maharage ya kopo kama lile, bila kusoma. Saa saba usiku alikuwa anaendesha gari kwenda hospitali, shem hawezi hata kuongea. "Tangu siku ile sijamwambia anadeka."

Desemba wanakuja Marangu, harusi ya mdogo wake shem. Ndafu itakuwepo, na sufuria za nyumbani hazina lebo. Shem alipompigia mama yake kueleza, aliulizwa nani amemroga! Rafiki yangu akaichukua simu: "Shikamoo mama. Ndizi zake nitapika mwenyewe, na kuku, kwa mafuta ya alizeti na mwiko wake."

Wewe je, unajua mwenzako hali nini, na kwa nini?