Posho, Nyapara, Kitivo

Kambini kwetu Bulwa, siku ya kugawiwa unga ilikuwa pia siku ya kusikia lugha. Wabena na Wahehe walioletwa kuchuma chai walipanga foleni pamoja na Washambaa wa vijiji vya jirani, Wabondei waliopanda kutoka Muheza, na wazee wachache waliokwisha kukata mkonge kule chini kabla ya kuja milimani. Kila mmoja alishika mfuko wake akisubiri posho. Baba yangu, Mbena wa Njombe, hakuichukia foleni ile hata iwe ndefu vipi. Akisikia neno asilolijua alimgeukia mwenyewe palepale: kwenu hili mnalitumiaje, na limetokana na nini? Akishajibiwa, naye alitoa la Kibena. Kwake neno la mtu halikuchukuliwa bure.

Neno posho lenyewe lilimshughulisha sana. Linatokana na kuposha, yaani kumpa mtu chakula chake cha siku, na kambini lilikuwa na maana moja tu: unga wa mahindi uliopimwa. Baadaye tulijua kwamba Uganda neno hilohilo limekuwa jina la ugali wenyewe, mtu anaagiza posho na maharage hotelini na hakuna anayeshangaa. Hapa Tanzania likapanda cheo. Ikaja posho ya kikao, ikaja posho ya safari, mpaka wabunge wakabishana juu yake. Safari ya neno hili kutoka kwenye kibaba cha unga hadi kwenye bahasha ya mjumbe inaeleza historia ya kazi nchini mwetu vizuri kuliko vitabu vingi nilivyosoma.

Asili ya neno nyapara tuliipata kwa mzee mmoja Mnyamwezi. Sisi watoto tulimjua nyapara kama mtu wa kuogopwa, anayepita kati ya mistari ya chai akikagua vikapu na kuhesabu nani hakufika. Mzee alikaa kwenye kigogo nje ya nyumba yetu akamweleza baba kwamba kwao mnyampara alikuwa mkubwa wa msafara. Enzi za pembe za ndovu, wapagazi walipotembea kutoka Unyanyembe hadi Bagamoyo, mnyampara alikwenda nao kwa miguu, akala nao, akasema kwa niaba yao mbele ya mwenye mali. Kwenye mashamba ya wakoloni neno likahamia kwa msimamizi anayesema kwa niaba ya mwenye mali mbele ya wafanyakazi. Likaenda hadi magerezani. Nakumbuka mzee yule alivyokuwa akisema "mnyampara", akiikazia ile silabi ya kwanza ambayo sisi tulikuwa tumeidondosha, kana kwamba anamrudishia mtu heshima yake. Tangu siku hiyo baba hakumwita msimamizi wetu nyapara tena. Alimwita kwa jina lake.

Wazee wale waliokata mkonge ndio waliotuambia habari za kipande, ile kadi ya kazi ya siku 30 iliyopaswa kujaa ndipo mshahara utoke, na za kuitwa manamba kwa sababu kila aliyeandikishwa alipewa namba. Hayo waliyasema kwa kifupi.

Mama alikuwa Mshambaa wa Mlalo, upande wa Lushoto, na maneno yake yalikuwa ya jikoni na shambani. Chai ya Bulwa aliitia mdalasini na iliki zilizolimwa hapahapa milimani. Nilipokuwa mkubwa nikajua kwamba neno chai lilianzia China, na mdalasini nao una China ndani yake, maana Waajemi waliuita dar chini, mti wa China, kabla Waswahili hawajauongezea ile m- ya miti. Iliki ilitoka kwa Wahindi. Sukari ina asili ya Kisanskriti na ilitufikia kupitia Uarabuni. Katika kikombe kile maji na maziwa tu ndiyo yaliyokuwa na majina ya Kibantu, na kikombe kizima kilikuwa chetu.

Shuleni mambo yalibadilika. Katika shule niliyosoma, Kishambaa na Kibena vilikatazwa, na aliyeteleza aliadhibiwa. Nia ilikuwa kujenga taifa, na sikatai kwamba Kiswahili kilitujenga. Lakini mtoto hajui nia. Alichojua ni kwamba maneno ya mama yake ni makosa. Kwa miaka kadhaa niliacha kumwuliza mama chochote, na baba nikimsikia anauliza asili ya neno mbele ya wageni niliona aibu.

Kilichonizindua ni kitivo. Nilipofika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam miaka ya 1990, kila mtu alikuwa na kitivo chake: cha sheria, cha sayansi, cha uhandisi. Nikamwandikia mama kwamba nasoma katika kitivo. Likizo nilipopanda nyumbani alinikalisha chini akaniuliza nalima nini huko. Kwao kitivo ni ardhi ya bondeni yenye rutuba na maji, inayozaa wakati mashamba ya juu yamekauka, na liko eneo linaloitwa hivyo chini ya milima ya Mlalo, ambako watu wanalima kwa umwagiliaji hadi leo. Wataalamu wa lugha walikuwa wamelichukua neno hilo kutoka lugha za milima hii, Kishambaa na Kipare, wakalipa kazi chuoni, kama ikulu ilivyotoka kwa Wasukuma na Wanyamwezi, ngeli kwa Wahaya, na kung'atuka kwa Wazanaki kupitia Mwalimu Nyerere. Neno ambalo lingeniletea viboko darasani lilikuwa limeandikwa juu ya milango ya wasomi. Nilimweleza mama yote hayo. Akacheka kwa furaha, akasema waliochagua walijua kuchagua.

Siku hizi maneno yanapanda mlima kwa kasi. Mwaka 2022 karani wa sensa alifika Bulwa na kishikwambi mkononi, na haikuchukua muda kila mtu akawa anakiita hivyo, hadi wachumaji ambao hawajawahi kukigusa. Wajukuu wa kambi hutumiana maneno kwa simu, neno la leo na asili yake, na napenda kuona wanajali. Kinachonisumbua ni kwamba asili nyingi kati ya hizo zimebuniwa, na hakuna wa kuulizwa. Mzee wa nyapara alikuwa na uso, kwao palijulikana, na angeweza kubishiwa.

Kwa hiyo nimerudi msituni, kwenye majina ya miti. Katika msitu mmoja wa Amani wapo Wajerumani wawili ambao watu hapa hawawajui: mhesi, kwa jina lake la kisayansi vitabuni, unabeba jina la Emin Pasha, na msambu, wenye mbegu za mafuta, unabeba la Franz Stuhlmann. Wawili hao walisafiri pamoja kuelekea Maziwa Makuu mwaka 1890. Mhesi uliletwa kupandwa na sasa hondohondo wanausambaza kila mahali. Msambu ni wa hapa, na jina lake la Kishambaa lilikuwapo kabla ya Stuhlmann. Mtambara nao, na mkulo, na mshai, na mnyasa. Nayaandika kwenye daftari, kila jina na mtu aliyenipa, kijiji chake, na jinsi anavyolitamka. Nikimaliza nitalipeleka Baraza la Kiswahili la Taifa, BAKITA, na nitaomba jambo moja: neno lolote litakaloingia kamusini kutoka humo liandikwe kwamba ni la Kishambaa.