Vita Juu ya Meza Yangu ya Chakula

Najua nimepotea kwa majuma kadhaa, na pengine wengine wenu mmeanza kudhani nimeoa au nimehamia Kanada. Sijafanya lolote kati ya hayo. Nilikuwa vitani. Vita vyenyewe vilipiganwa juu ya meza ninayolia chakula, majeshi yalikuwa ya karatasi na visoda, na jemadari wa pande zote mbili nilikuwa mimi. Kwa hivyo leo hakuna mistari ya programu. Karibu hakuna.

Ilianza hivi. Tulikuwa tukimalizia mfumo wa mteja mmoja, nikawa naamka na tarakilishi na kulala nayo. Nilitamani kitu cha kufanya kwa mikono, kisicho na skrini. Rafiki niliyesoma naye chuo akanionyesha picha za watu wazima, wengine wenye mvi, wakisogeza askari wadogo waliopakwa rangi, wakipima hatua kwa rula na kurusha dadu. Nilicheka sana. Kisha nikauliza sheria zake zikoje, na hapo ndipo nilipokwisha.

Kwa sababu sheria za mchezo huu ni programu tupu! Kuna data: kikosi kina watu wangapi, kinatembea sentimita ngapi. Kuna masharti: kama adui yuko ndani ya handaki, basi anapigwa kwa 6 pekee; kama yuko uwanjani, basi anapigwa kwa 4, 5 au 6. Ukirusha dadu 12 utatarajia kumpiga adui wa uwanjani mara 6, na wa handakini mara 2. Hesabu ya darasa la nane, lakini ukishaiona mezani unaelewa kwa nini watu walichimba mahandaki.

Na si jambo la juzi. Mwaka wa 1824 ofisa kijana wa Prussia aitwaye Reisswitz alitoa mchezo wa kufundishia maofisa wenzake, wenye ramani, vipande vya kuwakilisha vikosi, na dadu. Mwaka wa 1913 mwandishi H. G. Wells akachapisha kitabu cha Little Wars, ambamo askari wa kuchezea wanaangushwa kwa vimizinga vya springi. Watu walikuwa wakiiga vita kwa hesabu kabla babu yake tarakilishi yangu hajazaliwa.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kutaka kununua. Sanamu nyingi zina urefu wa milimita 28. Mtu wa mita 1.7 akifupishwa hadi hapo, amepunguzwa takriban mara 60. Kwa kipimo hicho, kilomita moja ya ardhi inataka meza ya mita 16 na zaidi. Nyumba yangu yote haifiki hapo! Ndiyo maana wachezaji hutumia vipimo viwili: kimoja cha mtu, kingine cha ardhi. Halafu nikaona gharama ya kusafirisha sanamu kutoka Uingereza, nikakumbuka kodi ya nyumba, nikafunga ukurasa.

Basi nikachora askari wangu, nikawachapa kwenye karatasi ngumu, nikawasimamisha kwa gundi juu ya visoda. Ushauri wangu kwa anayetaka kuanza: chagua pigano moja dogo, tengeneza pande zote mbili mwenyewe, na rangi itafuata baadaye.

Wengi huanza na Napoleon. Mimi nikachagua Salaita, kilima kilicho kando ya njia ya Voi kuelekea Taveta. Tarehe 12 Februari 1916 wanajeshi wa Afrika Kusini, waliokuwa wageni kabisa huku, walikishambulia upande wa Waingereza. Mizinga yao ikapiga kilele. Kumbe mahandaki ya Wajerumani na askari wao Waafrika yalikuwa chini, kwenye vichaka. Washambulizi wakarudishwa nyuma. Mwezi uliofuata jeshi la Smuts lilizunguka kando, na Wajerumani wakakiacha kilima wenyewe.

Niliandika programu fupi, nikairusha Salaita mara 10,000. Ilichukua muda mfupi kuliko kuchemsha chai. Nikafurahi sana na jedwali langu.

Kisha nyanya yangu akaja kutoka Machakos kwa ajili ya kliniki ya goti. Akakaa mezani, akatazama visoda vyangu.

“Hawa ni akina nani, mjukuu wangu?”

“Ni wanajeshi, Nyanya. Vita vya Wazungu, vile vya kwanza.”

“Na wenye mizigo wako wapi?”

Sikuwa na jibu. Hapo ndipo aliponisimulia jambo ambalo sikuwahi kulisikia. Baba yake, aliyemzaa akiwa mtu mzima sana, alichukuliwa kubeba mizigo katika vita hivyo pamoja na kaka yake. Alirudi peke yake. Kaburi la kaka yake halijulikani liko wapi.

Waingereza walitumia wapagazi mamia ya maelfu. Makumi ya maelfu walikufa, wengi kwa magonjwa na njaa kuliko risasi. Carrier Corps ndiyo iliyoipa Kariokor ya Nairobi jina lake, na Kariakoo ya Dar es Salaam vilevile. Na pale Kenyatta Avenue kuna mnara wa sanamu tatu za shaba ninaoupita nikienda kazini. Mmoja wao ni mpagazi. Miaka yote hiyo sikumtazama.

Nikaongeza sheria. Kila askari 10 wanahitaji wapagazi 3. Kila zamu unarusha dadu, ikija 1 mpagazi mmoja anaondoka mezani. Kikosi kisicho na wapagazi hakisogei. Niliporudia programu kwa safari ya zamu nyingi, majeshi mengi yalisimama kwa kukosa wabebaji kabla ya kumaliza risasi. Lakini jedwali halikunigusa kama meza ilivyonigusa. Kwenye programu wapagazi walikuwa tarakimu inayopungua; mezani lazima nimwinue kila mmoja kwa vidole vyangu na kumtia kwenye kikopo. Nyanya aliomba wawili wasimame karibu karibu. Nimewaweka juu ya kisoda kimoja.

Jumamosi hii tunacheza tena. Rafiki yangu analalamika kwamba sheria ya wapagazi inafanya mchezo uende polepole. Ni kweli, unaenda polepole. Nimemwambia haitoki.

Hadi wakati mwingine, kwaherini.