Mkate Uliolala Katika Mji wa Garissa

Msafiri atokaye Nairobi kwenda Garissa hupita Thika, kisha huingia Ukambani mpaka mji wa Mwingi, na baada ya hapo nchi hujinyosha mbele yake, tambarare na kavu, yenye udongo mwekundu na vichaka vya miiba, hata afike Madogo ukingoni mwa Mto Tana. Akivuka daraja amekwisha ingia Garissa. Safari nzima ni kama kilomita 370. Njiani ataona malori yanayopandisha unga, sukari, mafuta na mikate, na mengine yanayorudi yamejaa ng'ombe na mbuzi walionunuliwa katika soko la mifugo la Garissa, ambalo ni miongoni mwa masoko makubwa ya namna hiyo katika Kenya. Basi katika mji huu mkate wa boflo umesafiri sana kabla ya kufika mezani, na mwenye kuununua hana haraka ya kuutupa kwa sababu tu umelala usiku mmoja.

Zamani sehemu hizi ziliitwa Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini, wala mtu wa nje hakuruhusiwa kuingia bila kibali cha Serikali. Mwaka 1963 zikawa Mkoa wa Kaskazini Mashariki, na tangu 2013 ni kaunti tatu: Garissa, Wajir na Mandera. Chakula cha asili cha wafugaji wa hapa ni maziwa na nyama. Ngano ni mgeni aliyekaribishwa vizuri, lakini ni mgeni tu, kwani hailimwi katika nchi hii ya joto. Hata Kenya nzima hununua kutoka nchi za nje sehemu kubwa ya ngano inayoliwa, na vita vya Urusi na Ukraini vilipoanza mwaka 2022 bei ya unga ilipanda mpaka katika vijiji vilivyo mbali kabisa na bahari.

Tena kuna jambo la barabara. Mwisho wa mwaka 2023, na mara ya pili mwezi wa Aprili na Mei 2024, Mto Tana ulifurika, maji yakaikata njia katikati ya Madogo na Garissa. Malori yakasimama. Watu wakavuka kwa mashua, na mwezi wa Aprili 2024 mashua moja ilipinduka mahali paitwapo Kona Punda, watu wakafa maji. Mafuriko hayo yaliwakuta wengi wamekwisha dhoofika kwa ukame, maana tangu mwisho wa 2020 mvua zilikosa misimu mitano mfululizo na mifugo mingi ikafa. Katika siku kama hizo mama wa nyumba huhesabu kila kipande cha mkate, naye hufanya vema. Lakini ni lazima ajue kupambanua mkate uliolala na mkate ulioharibika, kwa kuwa hivi ni vitu viwili mbalimbali.

Watu wengi hudhani kuwa mkate huwa mgumu kwa sababu umekauka. Mwaka 1852 mtaalamu mmoja wa Ufaransa, jina lake Boussingault, alionyesha kuwa mkate huwa mgumu hata kama haukupoteza maji yake. Sababu ni wanga uliomo ndani: mkate ukipoa, wanga hujipanga upya na kushikamana. Mkate huo ukipashwa moto kufika digrii 60 hivi, wanga hulegea na mkate hurudia ulaini wake kwa muda mfupi. Kwa hiyo mkate mgumu si mkate mbovu. Ajabu ni kwamba ubaridi wa friji huufanya uwe mgumu upesi zaidi, ingawa huchelewesha kuvu. Katika joto la Garissa mambo ni kinyume: mkate uliofungwa ndani ya mfuko huweza kuota kuvu kabla haujawa mgumu sana.

Watu wa pwani wana majina yao kwa chakula kilichobaki usiku kikaliwa asubuhi. Hukiita kiporo au bariyo. Nyumba za Garissa nazo zina desturi zao nzuri. Kwanza iko anjera. Unga wa mtama, wa mahindi au wa ngano hukorogwa jioni uwe mwepesi kama uji, ukaachwa uumuke hadi alfajiri, kisha humiminwa juu ya chuma bapa na kupikwa upande mmoja, ukatoka mkate laini wenye vitundu vingi juu yake. Anjera iliyolala haitupwi. Huchanwa vipande ndani ya bakuli, ikatiwa samli au mafuta ya simsim na sukari kidogo, halafu hunyweshwa chai ya moto. Vile vitundu huinywa chai, na mkate uliokuwa mkavu huwa laini hata mzee asiye na meno aweza kuula.

Pili uko muufo, ambao ni ndugu wa mkate wa mofa unaojulikana Lamu na pwani yote. Huu huokwa katika tanuri la udongo, na ukilala huwa mgumu kama kigae. Dawa yake ni mchuzi wa nyama: humegwa, ukarowekwa katika mchuzi wa moto mpaka uive tena. Waislamu wataikumbuka hapa tharidi, mkate uliomegwa ndani ya mchuzi, chakula walichokipenda Waarabu tangu zamani. Chapati nazo hukatwa nyembamba kama utepe, zikakaangwa pamoja na vitunguu, nyanya na vipande vidogo vya nyama. Kwa njia hii chapati mbili za jana na nyama kidogo hushibisha watoto watatu au wanne.

Boflo la dukani lina matumizi mengi zaidi. Vipande vyake huchovywa katika mayai yaliyopigwa na maziwa, vikakaangwa. Vikikaushwa kabisa juani, chini ya kitambaa safi cha kuzuia nzi, husagwa kuwa chenga za kuvingirishia katlesi, nazo zikitiwa katika chupa kavu yenye kifuniko hukaa siku nyingi. Atakaye pudini na achukue nusu ya boflo la gramu 400, alimege ndani ya nusu lita ya maziwa yenye moto, aache kwa dakika 15, kisha atie mayai mawili, vijiko vinne vya sukari, iliki iliyotwangwa na kijiko cha samli. Vyote vimiminwe katika sufuria iliyopakwa samli, vifunikwe, na makaa yawekwe machache chini na mengi zaidi juu ya kifuniko, mpaka pudini ishikamane.

Sasa, ndugu msomaji, tuje kwenye jambo zito. Mkate ulioota kuvu usiliwe, hata kama ni siku za shida. Wako wakwangua doa la kijani wakala kilichobaki, lakini nyuzi za kuvu hupenya ndani ya mkate laini kupita pale jicho linapoona. Kuvu ni za namna nyingi. Nyingine hutoa sumu na nyingine hazitoi, wala macho hayawezi kuzitenganisha. Tena kuna sumu za kuvu zisizoondoka kwa kupikwa. Jirani zetu wa Ukambani walijifunza hayo kwa uchungu mwaka 2004, pale mahindi yaliyohifadhiwa yakiwa na unyevu yalipoingiwa na sumu iitwayo aflatoksini. Watu 317 waliugua, wengi wao katika Makueni na Kitui, na 125 kati yao wakafa. Yale yalikuwa mahindi, si mkate. Lakini fundisho ni moja.

Wala mkate wa namna hiyo usitupiwe mbuzi. Aflatoksini ikiliwa na mnyama huweza kupita katika maziwa, ikarudi kwa watoto wale wale uliotaka kuwaokoa. Hata mkate mzuri, mbuzi akipewa mwingi kwa mara moja, huchacha tumboni ukamdhuru.

Dawa ni kutangulia. Mkate usifungwe ukiwa bado moto, kwa kuwa mvuke wake ndio unaoikaribisha kuvu. Uliobaki jioni na uamuliwe jioni ile ile: huu wa chai, huu wa mchuzi, huu wa kukaushwa. Wafugaji wa Garissa wamefanya hivyo kwa nyama tangu zamani, wakiikata ndogo ndogo na kuikaanga mpaka ikauke, kisha kuihifadhi ndani ya mafuta, ndiyo nyirinyiri isafiriyo miezi. Wahenga walisema akiba haiozi. Maneno yao ni kweli kwa yule aliyeitengeneza akiba yake mapema. Aliyeisahau ndani ya mfuko hana akiba, ana kuvu.