Ukiona Vyaelea

Neno simu ni kongwe kuliko kitu kinachoitwa hivyo leo. Asili yake ni Kiajemi, na katika lugha hiyo lina maana ya waya. Mwaka 1879, ulipotandazwa chini ya bahari waya wa kupelekea habari kutoka Aden hadi Unguja, jina na kitu vilikuwa vimeoana barabara. Leo mwenye simu hashiki waya wowote mkononi, lakini jina limebaki. Umeme nao ulikuwa mali ya mawingu kabla haujawa mali ya shirika, na Mombasa wakauita stima, jina ambalo kwanza lilikuwa la meli ya moshi. Kiswahili hakimkatai mgeni. Humkalisha kwenye kiti cha jamaa aliyekwishakuwamo nyumbani. Ni tabia njema, nayo imeiweka lugha hai kwa karne nyingi. Ila ina kasoro moja: kitu kikishapata jina la nyumbani, ni nadra mtu kuuliza tena kimetoka wapi na kimepita mikononi mwa nani.

Kwa miaka mingi watu wa Unguja hawakuwa na haja ya kuuliza umeme wao unatoka wapi. Ulikuwako ukutani, na hilo lilitosha. Tangu mwaka 1980 ulikuwa ukivuka bahari kwa waya mmoja tu, kutoka Ras Kiromoni upande wa bara hadi Fumba, wenye uwezo wa megawati 45. Tarehe 21 Mei 2008 waya huo ukaharibika, na kisiwa kikakaa gizani kiasi cha wiki nne. Hapo ndipo kila mtu alipojua ni mambo mangapi yaliyokuwa yakining'inia kwenye uzi ule. Maji ya mji huvutwa kwa pampu, na pampu zikanyamaza. Visima vilivyosahauliwa vikakumbukwa, na foleni za ndoo zikaanza alfajiri. Majokofu yakawa makabati. Seremala mwenye mashine, mchomeaji vyuma na muuza barafu walikaa vibarazani wakihesabu siku. Waliojaaliwa kuwa na jenereta walipata mwanga na kelele. Wengine walirudi kwenye kandili.

Giza lile halikuishia kwenye usumbufu. Mchumi mmoja, Alfredo Burlando, alizipekua kumbukumbu za wodi ya wazazi, na mwaka 2014 akachapisha aliyoyakuta: watoto waliokuwa matumboni wakati umeme umekatika walizaliwa na uzito pungufu kuliko wenzao. Dhana yake ni kwamba sababu ilikuwa kipato. Mtu ambaye kazi yake ilitegemea umeme alikosa ujira, na kilichopungua mfukoni kikapungua sahanini. Yafaa jambo hili likumbukwe na kila anayependa kuusifu usiku wa kale, wenye nyota nyingi na hadithi za bibi. Usiku huo ulikuwa na uzuri wake, lakini kuna waliotozwa gharama yake kabla hawajazaliwa.

Mwezi Desemba 2009 waya ukaharibika tena, na safari hii giza likadumu hadi Machi 2010. Baadaye mambo yakatengenezwa. Mwaka 2010 Pemba, iliyokuwa ikitegemea majenereta ya dizeli, iliungwa na Tanga kwa waya wa chini ya bahari uliogharimiwa kwa sehemu kubwa na Norway. Na mwaka 2013 Unguja ikapata waya wa pili, wenye uwezo wa megawati 100, kwa fedha za Marekani. Lakini uzi ni uzi, hata ukiwa mnene. Aliyekwishakaa gizani hujifunza kuweka akiba, na akiba ya umeme haiwekwi gudulini wala ghalani. Huwekwa katika betri.

Ndiyo maana, ukitaka kuueleza wakati huu kwa neno moja, neno lenyewe ni hilo. Zamani betri ilikuwa ya tochi na ya redio ya mkulima. Sasa imo katika kila kitu kinachotamaniwa: katika simu, katika taa ya jua inayoning'inizwa juu ya dau la mvuvi wa dagaa, katika pikipiki za umeme za Nairobi na Kigali, ambazo dereva wake haongojei chaji bali hufika kituoni akapewa betri iliyojaa na kuiacha iliyokwisha. Imo katika magari pia. Norway ileile iliyoipelekea Pemba waya, nchi iliyotajirika kwa kuuza mafuta, mwaka 2024 karibu magari 9 katika kila 10 mapya iliyoyaandikisha yalikuwa ya umeme mtupu. Dunia nzima, mwaka huohuo, gari zaidi ya moja katika kila tano mpya zilizouzwa lilikuwa la kuchomekwa waya. Visiwani, ambako gari nyingi bado ni mitumba ya Japani yenye kunywa petroli, mabadiliko hayo huonekana kama jahazi linalotokeza upeoni: halijatia nanga, lakini hakuna asiyejua kwamba laja.

Hata ushairi umeingia ndani ya betri. Gazeti la Mambo Leo, lililoanza mwaka 1923, lilikuwa likitoka kila mwezi. Mshairi aliyetupa swali katika ukurasa wa mashairi alikuwa na siku za kutosha kulima, kuvuna na hata kugombana na jirani kabla hajasoma jawabu. Leo majibizano hufanyika katika makundi ya simu. Swali hurushwa baada ya Isha, jawabu likafika kabla watu hawajalala, na aliyeko Muscat akamkosoa vina aliyeko Wete kana kwamba wameketi baraza moja. Pamoja na maandishi huja sauti, na hilo ni jambo kubwa kuliko linavyodhaniwa, kwani shairi la Kiswahili ni la kughaniwa. Kwa karne nzima gazeti lilibeba maneno likaiacha mahadhi nyuma, simu imeirudisha. Anayesema kwamba vyombo hivi vimeiua fasihi hajawasikiliza malenga hao. Wao hukatika pale tu chaji inapokwisha.

Basi chaji hiyo imehifadhiwa ndani ya nini? Wahenga walikwishalijibu swali hili kabla halijaulizwa: ukiona vyaelea, vimeundwa. Methali hii ilitokana na watu waliojua vyombo vya bahari. Walijua kwamba jahazi linalopendeza likiwa juu ya maji lina mti uliokatwa mahali, misumari iliyopigwa na mtu, na mafuta ya sifa yaliyopakwa na mikono iliyonuka siku tatu. Betri ya simu nayo imeundwa. Mwaka 1980, mwaka uleule ambao waya wa Fumba ulianza kazi, John Goodenough na wenzake walikuwa Oxford wakionyesha kwamba madini ya kobalti yakichanganywa na lithiamu yanaweza kuhifadhi umeme mwingi katika nafasi ndogo. Mwaka 1991 Sony wakazipeleka sokoni betri za lithiamu za kuchajiwa. Mwaka 2019 Goodenough, Stanley Whittingham na Akira Yoshino walitunukiwa Tuzo ya Nobeli ya Kemia kwa kazi hiyo, naye Goodenough akiwa na umri wa miaka 97. Hao ndio mafundi wa chombo, na wamesifiwa kwa haki.

Wako wengine ambao hawakuitwa Stockholm. Zaidi ya theluthi mbili ya kobalti inayochimbwa duniani hutoka Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, hasa katika majimbo ya Lualaba na Katanga ya Juu, na mji wa Kolwezi ndio kitovu chake. Sehemu kubwa huchimbwa na makampuni yenye mashine kubwa. Sehemu nyingine huchimbwa na watu wenye sururu, magunia na tochi za kichwani, ambao hushuka mashimoni bila nguzo wala kofia ya chuma. Mwezi Juni 2019 udongo uliporomoka katika mgodi mmoja karibu na Kolwezi, na wachimbaji zaidi ya 40 wakafia humo. Amnesty International walikuwa wamekwishaandika, mwaka 2016, kuhusu watoto waliokuwa wakiokota na kuosha mawe hayo.

Na watu hao, wanapoitana shimoni, huitana kwa Kiswahili. Hapo ndipo habari hii inapoacha kuwa habari ya mbali. Kiswahili cha Kolwezi si cha Mjini Unguja. Kimechanganyika na Kifaransa na lugha za bara, na mwenye masikio ya pwani angehitaji siku kadhaa kukizoea. Lakini maji ni maji, jiwe ni jiwe, na mama ni mama. Lugha hiyo ilifika nchi zile pamoja na misafara ya biashara katika karne ya 19, kisha katika karne ya 20 ikafanywa lugha ya kazi katika migodi ya shaba ya Union Minière, kampuni iliyoundwa mwaka 1906. Mshairi wa Wete anapotuma ubeti wake, ubeti wa Kiswahili husukumwa na jiwe ambalo huenda lilichimbuliwa na mikono ya msemaji wa Kiswahili, na baina yao hakuna hata salamu.

Si mara ya kwanza kwa Kongo kubebwa hivi. Katika karne ya 19 kilichotoka huko ni pembe za ndovu. Zilibebwa mabegani, na wengi wa waliozibeba au kuswagwa pamoja nazo walikuwa watumwa. Zikafika pwani, zikavushwa Unguja, zikapimwa na kupakiwa melini. Hamed bin Muhammed, aliyejulikana kwa jina la Tippu Tip, mzaliwa wa kisiwa hiki, alitajirika kwa biashara hiyo, akaiandika habari ya maisha yake kwa Kiswahili, na akafia Mji Mkongwe mwaka 1905. Sehemu kubwa ya pembe hizo iliishia Connecticut, Marekani, ambako viwandani zilipasuliwa vibao vyembamba vya kufunikia vidude vya piano. Kijiji kimoja huko kinaitwa Ivoryton hadi leo. Binti aliyekaa sebuleni akijifunza kucheza piano hakumtesa mtu. Alikuwa akipiga muziki tu. Jina la kitu lilikuwa piano, na jina hilo halikumtaja ndovu wala mpagazi.

Tofauti ni kwamba wakati ule Unguja ilikuwa bandari, nayo ilijua. Mizani ilikuwa hapa, na daftari la faida lilikuwa hapa. Leo jiwe la Kolwezi halipiti Forodhani. Hutolewa kwa malori hadi bandari za mbali, likavuka bahari kwenda China kusafishwa, kisha likarudi visiwani likiwa limevaa kioo na jina la kampuni. Kwa hiyo kisiwa kimeingia katika hali ya yule binti wa piano: kinafurahia sauti, na hakina pa kumwona aliyeilipia.

Yuko atakayesema: je, petroli ilikuwa safi? Haikuwa. Visima vyake vina vita na mito iliyochafuliwa, na moshi wake umo katika mapafu ya kila anayesubiri daladala. Atasema pia kwamba maarifa hayasimami, na ni kweli: kufikia mwaka 2024 karibu nusu ya betri za magari duniani zilikuwa za aina inayotumia chuma na fosfeti, bila kobalti hata chembe. Ila simu nyingi bado zaihitaji kobalti, na hata betri isiyo na jiwe hili ina jiwe jingine, lenye wachimbaji wake. Wala hakuna mwenye moyo atakayewaambia watu waliokwishaona watoto wakizaliwa na uzito pungufu kwa sababu ya giza kwamba warudi gizani ili wawe wema. Kuzima taa Unguja hakumtoi mtu shimoni Kolwezi.

Yapo mengine yawezekanayo. Serikali ya Kongo yenyewe, mwezi Februari 2025, ilisimamisha uuzaji wa kobalti nje, na Oktoba mwaka huo ikaweka viwango vya kiasi kinachoruhusiwa kutoka, ili bei isishushwe na wanunuzi wapendavyo. Hilo ni la wenye dola. Lililo la wenye simu ni dogo, lakini si la kudharauliwa: kukitumia chombo mpaka kiishe. Mafundi wanaokaa nyuma ya vimeza vyao Darajani, wenye kioo cha kukuzia jichoni na bisibisi nyembamba kama sindano, hubadilisha betri iliyokufa na kuiongezea simu maisha. Mtaani huonekana ni mafundi wa wasiokuwa na uwezo wa kununua mpya. Kwa kweli wao ndio wanaoliheshimu jiwe kuliko anayebadilisha simu kila ikitoka nyingine.

Na liko la washairi. Kiswahili kimeimba juu ya mnazi na mkarafuu, juu ya jahazi, juu ya gari moshi na redio, na katika miaka ya karibuni juu ya simu: imezimwa, haipokewi, imejaa siri za watu. Jiwe lililo ndani yake bado halijapata beti zake kwa wingi. Makundi ya majibizano yapo kila usiku, na swali la kutupwa lipo. Pengine kuna malenga huko Kolwezi mwenye jawabu, nalo halihitaji mfasiri.