Kamera Mkononi Katika Mji Mkongwe

Ukijaliwa siku mbili tatu za likizo ukavuka bahari kutoka Dar es Salaam hadi Unguja, usiache kuchukua kamera. Si lazima iwe ya bei kubwa. Hata ile ya kuazima kwa shemeji yako itafaa. Mji Mkongwe ni mahali pema pa kujifunzia kazi ya chombo hicho, kwa kuwa hapo jua na kivuli hupakana kama sebule na chumba. Hatua chache tu, nawe umetoka kwenye mng'ao wa ufukweni ukaingia kichochoro ambacho jua hukichungulia adhuhuri peke yake.

Anzia Forodhani, ulitazame jumba la Beit el-Ajaib, lililokamilika mwaka 1883 katika enzi ya Seyyid Barghash. Picha za kale za mahali hapa ni nyingi, nawe unaweza kuzikadiria umri bila msaada wa mwanachuoni yeyote. Ukiona mnara mzima umesimama peke yake mbele ya jumba, ujue picha hiyo ni ya kabla ya tarehe 27 Agosti 1896, siku manowari za Waingereza zilipoupiga mji kwa mizinga kwa muda usiofikia saa moja. Ukiuona mnara wa saa umeungana na jumba lenyewe, ni ya baada ya ujenzi wa 1897. Na pale unapokuta kifusi cha jumba lenyewe, hiyo ni ya baada ya tarehe 25 Desemba 2020, sehemu kubwa ya mbele ilipoporomoka na kuua watu wawili. Mafundi walioyachora majumba hayo ni wachache. Waliobaki kutuonyesha yalivyokuwa ni wapiga picha.

Nao hawakuipata kazi hiyo kwa urahisi. Mfaransa Niépce, katika miaka ya 1820, alihitaji saa nyingi za jua kupata picha moja isiyofutika. Mwenziwe Daguerre aliitangazia dunia njia yake mwaka 1839, na kabla ya miaka kumi kupita msafara wa Kapteni Charles Guillain, pia Mfaransa, ulikwisha kuileta katika pwani yetu. Baadaye katika karne hiyo Mgoa A. C. Gomes alikuwa na studio yake papa hapa Unguja, na mwaka 1930 Ranchhod Oza akafungua Capital Art Studio.

Kamera ya dijitali ilizaliwa mwaka 1975 katika kampuni ya Kodak huko Marekani, mikononi mwa mhandisi Steven Sasson. Ilikuwa na uzito wa kilo 3.6 hivi, ikachukua sekunde 23 kuandika picha moja katika kanda ya kaseti, tena picha yenyewe ilikuwa ya vidoa 10,000 tu! Ya leo ina vidoa mamilioni. Kila kidoa hupokea mwanga na kuugeuza umeme, kisha umeme huo hugeuzwa kuwa tarakimu. Hata hivyo kisanduku ni kile kile: giza ndani, tundu mbele, na mlango unaofunguka kwa kitambo.

Basi hapo Forodhani, mchana wa jua kali, weka ISO 100, tundu f/16, na mwendo wa mlango 1/125 ya sekunde. Usishangae kwamba f/16 ni tundu dogo na f/4 ni kubwa: robo ya mkate huishinda sehemu yake ya kumi na sita. Ukiingia vichochoro vya Kiponda, panua tundu hadi f/4. Iwapo bado kuna giza, ipandishe ISO hadi 400 au 800, ukikubali chengachenga kidogo. Mwendo usishuke chini ya 1/60 kamera ikiwa mkononi, la sivyo picha itatikisika, nawe utailaumu kamera bure.

Kuta za chokaa zina hila yake. Kamera hudhani kila kilicho mbele yake kina wangavu wa kadiri, kwa hiyo ukuta mweupe huufanya wa kijivujivu. Tafuta kitufe chenye alama za + na −, ukiongeze hadi +1. Milango ya nakshi nayo ingojee asubuhi au alasiri, jua linapopita ubavuni na kila ua la mti huo likatoa kivuli chake. Jua la usoni huifanya nakshi yote kuwa bapa.

Kuhusu watu wanaopumzika barazani, salamu kwanza, kisha ombi, kisha kamera. Asiyetaka, mwache. Nalisema hili kwa sababu kadi nyingi za posta za enzi ya Gomes zinaonyesha wanawake na wachukuzi wa mji huu, na chini yake imeandikwa kabila au kazi ya mtu. Jina lake halimo. Wajukuu zao huenda wanapita mbele ya nyuso hizo madukani wasizitambue.

Msiba wetu sisi ni mwingine. Picha za vioo na karatasi zimedumu zaidi ya miaka mia moja, lakini picha za harusi ya mwaka juzi zimepotea pamoja na simu iliyoibwa ndani ya daladala. Ukirudi nyumbani, hamisha picha kutoka kwenye kadi usiku ule ule na uziweke mahali pawili tofauti. Chagua kumi, zikachapishwe. Nyuma ya kila moja andika jina kamili la aliyemo, mtaa, na tarehe, kwa kalamu ya risasi iliyo laini, maana wino hupaka picha iliyolaliwa chini yake.