Chuma cha Mbozi na Gari la Milango Miwili

Mgeni afikaye wilayani Mbozi hupelekwa kwanza Ndolezi, kwenye mteremko wa kilima cha Marengi, akaone Kimondo. Ni pande la chuma kutoka mbinguni, lenye uzito wa tani nyingi. Habari zake ziliandikwa rasmi mwaka 1930, ingawa wenyeji walikuwa wakilifahamu kabla ya hapo. Mgeni hupiga picha, hustaajabu, kisha huondoka. Ni nadra kuonyeshwa chuma kingine cha wilaya hii, yaani mavi ya chuma, yale madonge meusi mazito ambayo jembe hugongana nayo mashambani, masalia ya matanuru ambamo Wanyiha waliyeyusha mawe yenye chuma. Tena hapana mtu atakayempeleka nyuma ya nyumba zetu, chini ya miparachichi, kuliko na magari mabovu yanayoliwa na kutu. Makala haya yanahusu gari moja la namna hiyo, lililoko nyumbani kwetu Itaka, na kazi ya kulifufua kwa fedha kidogo tulizo nazo. Lakini tumegundua kwamba habari za gari hili haziwezi kuelezwa vema bila kuyagusa yale madonge meusi.

Gari lenyewe ni Datsun 1200 ya mwanzoni mwa miaka ya 1970, la milango miwili, ambalo paa lake huteremka taratibu hadi kwenye buti. Wafaransa ndio waliolipa umbo hilo jina la coupé, maana yake lililokatwa, tangu enzi za magari ya kukokotwa na farasi. Jina hilo likitamkwa na ulimi wa Kiswahili linakuwa kupe, na majirani zetu wafugaji hawakuhitaji maelezo zaidi. Walisema kwamba jina limepata mwenyewe, kwa kuwa mdudu huyo akishamwingia ng'ombe hatoki mpaka ameshiba.

Baba yetu mdogo, ambaye sasa ni marehemu, alilinunua gari hilo alipokuwa akifanya kazi katika migodi ya shaba nchini Zambia, akalileta nyumbani kupitia Tunduma. Alilipaka rangi nyekundu, na boneti akaipaka nyeusi. Vijana wa leo hudhani ulikuwa ni upungufu wa rangi. Sivyo. Katika mashindano ya magari ya Safari ya Afrika Mashariki, mwaka 1971 na tena mwaka 1973, mshindi alikuwa Datsun 240Z, gari la milango miwili, na sura ile nyekundu yenye boneti nyeusi ilikuwa imetia fora katika magazeti. Gari la baba mdogo lilikuwa ndugu mdogo sana wa lile la mashindano, injini yake haifiki hata lita 1 na robo. Hata hivyo alipopita nalo barabarani watoto walilishangilia kama kwamba ndilo. Sisi tulikuwa miongoni mwa watoto hao.

Alipofariki, gari likakaa. Mvua za Mbozi huanza Novemba na kuendelea hadi Aprili, na miaka zaidi ya ishirini ya mvua hizo si jambo dogo kwa bati jembamba.

Siku moja akaja mnunuzi wa chuma chakavu, na mizani yake ya kuning'iniza. Alikwisha kuzunguka vitongoji vya jirani, na ndani ya lori lake tuliona majembe ya kukokotwa na ng'ombe, fremu za baiskeli, sufuria zilizotoboka, na katikati ya takataka hizo jembe moja la kale lililofuliwa kwa mkono, lenye mkia wa kuchomekwa katika mpini. Wajukuu wa mzee mmoja walikuwa wamelipima pamoja na misumari. Hatuwalaumu, kwani hakuna aliyewaambia ni kitu gani. Lakini tuliposimama mbele ya lori lile tuliona kwamba mizani haitofautishi kitu na kitu. Jembe ambalo mtu alilipia mahari, na debe bovu, yote ni kilo. Mnunuzi aliligonga gari letu ubavuni kwa kidole, akataja bei, na kwa kweli bei ile haikuwa mbaya.

Ukoo ukakaa kikao. Baadhi yetu walitaka liuzwe mara moja, na hoja zao zilikuwa na uzito: paa la nyumba lilivuja, na mtoto wa dada yetu alikuwa anaingia kidato cha tano. Mama alisikiliza kwa muda mrefu, kisha akasema, "Wanangu, ada ya mtoto haingoji gari. Mkitaka kulitengeneza, litengenezeni kwa jasho, lisiguse ghala." Neno hilo ndilo lililotuongoza hadi leo. Hatukukopa, hatukuuza ardhi, na fedha zilizoingia katika gari zilikuwa zile tu zilizosalia baada ya kahawa kulipwa na ada kwenda shuleni. Kuna mwaka ambao hazikusalia kabisa, gari likangoja.

Tulimwendea fundi mmoja mzee, ambaye kazi yake ya siku zote ni kufua visu, mundu na mapanga kwa springi za malori. Tulimwamkia, tukamweleza haja yetu. Akacheka akasema kwamba chuma cha gari amekizoea, ila yeye hukipokea kikiwa kimekwisha kufa. Babu yake alikuwa mmoja wa waliojua tanuru. Alitueleza habari ambazo wataalamu nao wamekwisha kuziandika: kwamba tanuru la kuyeyushia lilijengwa kwa udongo, refu kupita kimo cha mtu, na chini yake likatobolewa matundu ya kutia mirija ya udongo ili upepo uingie wenyewe bila kuvutwa na mivukuto. Chuma kilichopatikana humo kilikuwa bado kichafu, kikapelekwa katika tanuru dogo lenye mivukuto, na huko ndiko kilikosafishwa kabla ya kufuliwa. Kazi hiyo ilikuwa na miiko yake, dawa zake na nyimbo zake. Majembe ya viwandani kutoka ng'ambo yalipoingia kwa wingi wakati wa ukoloni, uyeyushaji ulififia na hatimaye ukakoma. Ufuaji haukukoma. Mhunzi aliacha mawe ya mlimani akashika mabaki ya magari.

Hapa tunaomba msomaji atuvumilie kidogo. Tangu Desemba 1962, Mwalimu Nyerere alipounda wizara ya kushughulikia utamaduni wa taifa, tumekusanya ngoma, hadithi, methali na vinyago, na tumefanya vema. Mhunzi naye ametajwa, lakini hutajwa kama marehemu: alikuwa akifanya hivi, alikuwa akitumia kile. Kumbe yuko hai. Amebadili jina tu, sasa huitwa fundi bodi, naye amekaa kando ya barabara kuu ya Tanzania na Zambia, miwani meusi usoni, akinyoosha madigadi. Kama utamaduni ni maarifa ambayo mikono ya baba huwaachia watoto, basi hatuoni sababu ya kumwandika babu na kumwacha mjukuu.

Turudi kazini. Tulianza kwa kung'oa kila kitu: viti, vioo, mazulia, milango, hata bitana ya paa. Kutu la gari halianzii pale linapoonekana. Huanzia ndani, mahali ambapo udongo na majani vimejibana vikashika unyevu, kama vile nyuma ya madigadi, chini ya zulia, na ndani ya vizingiti vilivyo chini ya milango. Chuma kikipata maji na hewa kwa pamoja hugeuka polepole kuwa kitu kingine kabisa, chekundu na chepesi kuvunjika, kinachovimba na kuisukuma rangi kutoka chini. Mzee alipita na bisibisi, akidunga kila inchi. Palipotoa mlio mkavu alipaacha. Palipotoa mlio wa kuzubaa alipazungushia chaki. Jioni sakafu nzima upande wa dereva ilikuwa chaki tupu.

Bati jipya la kiwandani lingekula fedha za mwaka mzima. Tukatumia pipa la mafuta. Mapipa katika sehemu zetu yana historia ndefu. Walowezi wa Rhodesia walipojitangazia uhuru wao wa bandia Novemba 1965, Zambia ilifungiwa njia ya kusini, na mafuta yake yakalazimika kupita katika barabara hii, wakati huo ikiwa bado ya vumbi na matope, ndani ya mapipa yaliyopangwa juu ya malori, hadi bomba la TAZAMA lilipokamilika mwaka 1968. Mapipa matupu yalibaki huku, yakawa milango, masinia, majiko na matangi ya maji. Bati la pipa ni nene kidogo kuliko la gari, kwa hiyo ni gumu kulikunja, lakini mzee hakujali. Alilipasua, akalinyoosha, akaliweka juu ya kipande cha reli ambacho ndicho fuawe lake, akaligonga likiwa baridi, nyundo nyingi ndogo badala ya chache kubwa, mpaka likafuata mikunjo ya sakafu ya zamani.

Kuchomelea ndiko kulikohitaji subira. Bati jembamba likichomelewa mfululizo hujikunja kama jani la tumbaku. Fundi alitia nukta moja huku, nukta nyingine kule mbali, akangoja zipoe, akarudi katikati. Tulipomwuliza kwa nini asitumie puti kujaza matundu madogo, alikunja uso. Nasi tunakubaliana naye kabisa: puti ni ya kulainisha kovu, si ya kuziba kidonda. Gari lililozibwa kwa puti hupendeza kwa msimu mmoja, na chini ya urembo huo kutu huendelea na kazi yake bila kusumbuliwa na mtu.

Vipande vidogo kama bawaba, vishikio na mabano ya taa vilitengenezwa kwa njia nyingine, nayo ililetwa na yule mtoto wa kidato cha tano. Aliyeyusha magadi katika ndoo ya plastiki iliyojaa maji, akazamisha kipande chenye kutu akakiunganisha na ncha hasi ya chaja ya betri, na kando yake, bila kugusana, akatumbukiza chuma kibovu kilichounganishwa na ncha chanya. Asubuhi kutu lilikuwa limelegea, likatoka kwa brashi. Alitutahadharisha kwamba mapovu yale ni haidrojeni, gesi inayoshika moto, hivyo ndoo ikae nje na asivute mtu sigara karibu. Tena kwamba chuma cha pua kisitumike katika ncha chanya, kwa kuwa hutoa sumu. Mzee aliitazama ndoo kwa muda, akauliza ni magadi yale yale ya kuivishia maharage? Alipoambiwa ndiyo, akaomba aachiwe ndoo hiyo wiki ijayo, ana mundu tatu za wateja.

Kuhusu injini hatuna mengi ya kusema. Ukoo wa injini hiyo uliishi muda mrefu kusini mwa Afrika, kwani pikapu ndogo za Nissan 1400 ziliendelea kuundwa Afrika Kusini hadi mwaka 2008, na mtu mwenye subira hupata vipuri vingi Tunduma kupitia Zambia. Rejeta ilizibwa, kabureta ikasafishwa, nyaya tukazivuta upya wenyewe. Sehemu moja tu hatukubana matumizi. Mabomba ya breki, mipira yake na pampu yake vyote vilinunuliwa vipya, japokuwa ununuzi huo ulisimamisha kazi nyingine kwa miezi mitano. Anayetafuta unafuu kwenye breki hatutaki atutembelee na gari lake.

Mpaka tunaandika haya, sakafu imekwisha na injini inawaka. Mlango wa kushoto bado haujakubali kufungika, kwa kuwa kizingiti kipya kimepanda kwa unene wa kidole, na mzee amemwachia kazi hiyo mjukuu wake, kijana wa miaka kumi na saba, pamoja na nyundo ya babu. Rangi itangoja kiangazi, vumbi likishatulia. Ukoo umegawanyika tena: vijana wanataka gari lote liwe jeupe, kwa hoja kwamba ndiyo rangi rahisi kupatikana na rahisi kurekebisha. Mama, ambaye hakuwahi kuuliza lolote kuhusu gari hilo tangu kile kikao, ametuma neno kwamba boneti iwe nyeusi.