Akihabara, mtaa ambao mtoto hauzi gemu bila mzazi kujua

Treni ya Yamanote, ile inayozunguka katikati ya jiji la Tokyo, husimama Akihabara kila baada ya dakika chache. Abiria wanaoshuka hapo hutokea kwenye mtaa wa maghorofa membamba yaliyofunikwa kwa mabango ya rangi kali. Humo ndani huuzwa waya, balbu, kompyuta, vikaragosi vya katuni na, kwa wingi, gemu za video zilizokwisha kutumika.

Biashara ya hapa ilianza na redio. Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, wachuuzi waliuza vipuri vya redio kando ya barabara, kisha wakahamishiwa kwenye vibanda vidogo chini ya reli. Baadhi ya vibanda hivyo vipo hadi leo. Anayeijua Kariakoo ataelewa haraka jinsi mtaa mzima unavyoishi kwa bidhaa za aina moja. Tofauti ni kwamba Akihabara bei imeandikwa, na kwenye maduka ya gemu ni nadra kusikia mteja akiomba apunguziwe.

Duka moja maarufu, Super Potato, limo ghorofani na huchukua sakafu tatu. Rafu zake zimejaa kaseti za Famicom, mashine ambayo Nintendo iliingiza sokoni Japani Julai 1983. Wazazi wengi wa Dar es Salaam, Nairobi na Mombasa waliokua miaka ya 1990 wangezitambua gemu hizo bila kuambiwa. Zile mashine za kuchomeka kwenye televisheni zenye kaseti za njano zilikuwa za kuiga Famicom.

Kila bidhaa imefungwa kwenye plastiki na kubandikwa karatasi ndogo. Bei ipo, na kasoro nayo huandikwa: boksi limepasuka, kijitabu cha maelekezo hakipo, au mwenye nayo wa kwanza aliandika jina lake juu ya kaseti kwa kalamu ya wino. Kaseti yenye jina la mtoto huuzwa rahisi kuliko safi.

Kesi iliyofika Mahakama ya Juu

Biashara hii ilikaribia kuzimwa. Miaka ya mwisho ya 1990, kampuni kubwa zinazotengeneza gemu Japani ziliwashtaki wenye maduka ya gemu zilizotumika. Hoja yao ilieleweka kirahisi. Gemu moja huchukua watu wengi na muda mrefu kuitengeneza. Ikiuzwa dukani mara ya kwanza, mtengenezaji hupata chake. Ikiuzwa mara ya pili, ya tatu na ya nne, fedha huishia kwa mwenye duka.

Wenye maduka walijibu kwamba mteja anayeuza gemu ya zamani mara nyingi huitumia fedha hiyo kununua mpya. Mzazi hukubali bei ya gemu mpya kwa sababu anajua sehemu ya fedha inaweza kurudi. Ukiondoa soko la mtumba, na duka la gemu mpya litapungukiwa wateja.

Mahakama ya Tokyo na ya Osaka zilitoa hukumu zinazopingana mwaka 1999. Aprili 25, 2002, Mahakama ya Juu ya Japani ilimaliza ubishi: nakala halali ikishauzwa kihalali kwa mara ya kwanza, mtengenezaji hana tena haki ya kuzuia isiuzwe na aliyeinunua. Haki yake kwenye nakala ile amekwisha kulipwa.

Hukumu hiyo inasaidia kutenganisha mambo mawili ambayo huku kwetu huchanganywa. Gemu ya mtumba ni nakala iliyolipiwa inayobadilisha mikono. Gemu iliyonakiliwa ni kitu kingine, kwa kuwa aliyeitengeneza hakulipwa hata mara moja. Vilevile anayeinakili gemu yake kisha akaiuza ile halisi huku akibaki na nakala, amechukua fedha na bado ana alichouza.

Kitambulisho hata kwa gemu ya bei ndogo

Kwenye maduka mengi ya Akihabara kuna kaunta ya pili, ya kununulia. Hapo mteja huleta gemu zake, mfanyakazi akazikagua moja moja, akaangalia mikwaruzo, kisha akataja bei. Sheria ya Japani inamtaka anayefanya biashara ya vitu vilivyotumika awe na leseni. Kwa bidhaa nyingi zenye thamani ya chini ya yen 10,000, muuzaji hahitajiki kuthibitisha yeye ni nani. Gemu hazimo kwenye msamaha huo. Hata kama ni ya bei ndogo kabisa, duka linapaswa kumtambua anayeiuza. Vitabu, CD na DVD vipo kundi hilohilo.

Sababu ni kwamba hivi ni vitu vidogo, vinaingia mfukoni, na kijana anaweza kuviiba duka moja akaviuza jingine saa hiyohiyo. Kwa mtoto wa chini ya miaka 18, Tokyo imeongeza hatua: duka halitakiwi kununua kitu chake kilichotumika bila ridhaa ya mzazi au mlezi. Kwa kawaida mzazi hujaza fomu, au hufika mwenyewe.

Utaratibu huo haumkatazi mtoto kuuza. Unahakikisha tu kwamba kabla ya fedha kutoka, mtu mzima anayemfahamu ameshajua kinachouzwa. Mtoto aliyeazimwa gemu na mwenzake, au aliyeichukua kwa kaka yake, atalazimika kuieleza nyumbani kwanza.

Bei hupandaje na kushukaje

Gemu mpya iliyopendwa na wengi hushuka bei kila watu wanapoimaliza na kuirudisha dukani. Mwenye duka hununua chini ya bei atakayouzia, kwa sababu anabeba kodi, mishahara na hatari ya kubaki na mzigo. Gemu za zamani zilizo adimu hufuata njia nyingine. Zilizobaki na boksi na kijitabu hupanda, na miaka ya karibuni watalii wa kigeni, wakisaidiwa na kushuka kwa thamani ya yen, wamezinunua kwa wingi.

Mgeni anayetaka kubeba zawadi ya mtoto ana mambo ya kujua. Umeme wa Japani ni volti 100, wakati wa Tanzania ni 230. Mashine ya zamani iliyotengenezwa kwa ajili ya Japani inaweza kuungua siku ya kwanza ikichomekwa moja kwa moja. Gemu nyingi za zamani zina maandishi ya Kijapani pekee. Na kaseti nyingi zinazohifadhi hatua za mchezaji zina betri ndogo ndani. Betri hiyo ikifa, gemu huendelea kucheza lakini haikumbuki mtoto alifika wapi.

Gemu isiyouzika

Rafu za Akihabara zina mpinzani asiyeonekana. Mwaka 2013 Microsoft ilitangaza masharti ya kubana uuzaji wa gemu zilizotumika kwa mashine ya Xbox One, ikayaondoa mwezi huohuo wa Juni baada ya wachezaji kulalamika. Lakini mabadiliko yaliendelea kwa njia nyingine. Tangu 2020 PlayStation 5 huuzwa pia kwa aina isiyo na sehemu ya kuweka diski. Gemu zake hununuliwa kwa intaneti na kufungwa kwenye akaunti ya mnunuzi, hivyo haziwezi kupelekwa kaunta yoyote kuuzwa wala kuazimwa jirani.

Kwa familia inayohesabu bando, hilo si jambo dogo. Mashine isiyo na diski inaweza kuwa nafuu siku ya kununua, lakini kila gemu baada ya hapo italipiwa bei ya mpya au kusubiriwa hadi ipunguzwe, na itapakuliwa kwa data ya mzazi.

Kabla mzazi hajalipa

Kwanza, ulizia ilikotoka. Muuzaji wa kweli hana shida kusema alinunua wapi. Kama ni mashine, mwenye nayo aondoe akaunti yake mbele yako, na wewe ufanye hivyo siku utakapouza. Picha na majina ya watoto hubaki humo.

Pili, ijaribu. Geuza diski uangalie mikwaruzo, bonyeza kila kitufe cha padi. Ukiuza wewe, taja kasoro kabla mnunuzi hajaiona, na mtoto wako awe amesimama hapo akisikia.

Tatu, tafuta alama ya umri. Gemu za Japani hubeba herufi A, B, C, D au Z, na Z ni ya watu wazima pekee. Zinazotoka Ulaya huwa na namba: 3, 7, 12, 16 au 18. Alama hiyo huwa kwenye boksi, kwa hiyo diski inayouzwa ndani ya mfuko wa plastiki inaweza kufika nyumbani bila onyo. Andika jina la gemu kwenye simu, uitafute kabla ya kutoa fedha.

Nne, panga muda. Gemu tano za mtumba kwa bei ya moja mpya ni unafuu wa fedha na pia ni saa nyingi zaidi mbele ya televisheni. Shirika la Afya Duniani limeliweka tatizo la kushindwa kujizuia kucheza gemu kwenye orodha yake ya magonjwa iliyoanza kutumika Januari 2022. Dalili za kuangalia ni mtoto kushindwa kuacha, gemu kutangulia shule, chakula na usingizi, na kuendelea hata anapoona madhara. Kwa kawaida daktari huangalia kama hali hiyo imedumu miezi 12 au zaidi. Mzazi hana haja ya kusubiri muda huo wote ndipo aulize.